Rangi Isiyoingia Jukwaani

Simu ya mwendesha mashtaka ilimkuta Inspekta Loredana Ghizzoni mbele ya mashine ya kahawa ya Teatro degli Ostinati, akiipiga ubavuni kwa kiganja. Mashine ilikuwa imemtolea maji ya moto bila kahawa.

"Nipe jina, Ghizzoni," alisema Mheshimiwa Viscardi. "Kijana wa watu amelala hospitalini, hasikii miguu. Magazeti yananiuliza mimi, hayakuulizi wewe."

"Sina jina bado."

"Mimi ninalo. Funguo za chini ya jukwaa anazo mtu mmoja. Aliyegombana na mwongozaji wa opera mbele ya watu wote ni mtu huyo huyo. Ikifika jioni hujaniletea mwingine, ninatia saini na Egidio Tansini analala ndani."

"Kwa uzembe au kwa kusudi?"

"Ataamua jaji. Mimi nimechoka."

"Sote tumechoka, Mheshimiwa."

Ghizzoni alikata simu, akayanywa yale maji ya moto. Nje, ukungu wa mto Po ulikuwa umeushika mji wa Piacenza tangu Jumapili, na kikohozi chake kilikuwa na umri sawa na ukungu ule.

Mambo yaliyojulikana hayakuwa mengi. Jumanne alasiri, katika mazoezi ya opera ya *Mjane wa Canossa*, sehemu ya tatu, mwimbaji mkuu wa kiume Amedeo Squeri alisogea hadi katikati ya jukwaa, akasimama juu ya mlango wa sakafuni, na mlango ukafunguka. Alianguka chali hadi kwenye saruji. Mlango ule una mbawa mbili za mbao zinazoshikwa kutoka chini kwa komeo moja la chuma. Komeo likichomolewa, mbawa huendelea kuumana kwa unyevu wa mbao, mpaka apite mtu wa kuzilemea. Komeo lilikutwa limechomolewa, limelala sakafuni. Alama za vidole zilizokuwa juu yake zilitosha kuwashtaki mafundi wote wa jukwaa.

Lilikuwepo jambo la pili. Katika sehemu hiyo hiyo ya tatu, muda mfupi kabla ya Amedeo, kwaya nzima ilikuwa imepita juu ya mlango ule bila mtu kuanguka. Kwa hiyo komeo lilikuwa mahali pake mwanzoni mwa sehemu ya tatu, likachomolewa kwaya ilipokwisha kutoka. Aliyelichomoa alikuwa chini ya jukwaa wakati mazoezi yakiendelea.

Sajini Ottavio Pasini alimngojea mlangoni mwa ngazi za chini, shingoni skafu nyekundu na nyeupe ya timu ya mpira ya mji. Alikuwa akipiga mluzi.

"Acha mluzi humu ndani!" sauti ilimkaripia kutoka gizani. "Mnataka kutumaliza?"

Egidio Tansini, fundi mkuu wa jukwaa, alijitokeza akijifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu mfupi, mpana, na ndevu za siku tatu. Mbele yake palikuwa na mkate wenye nyama ya coppa ambao hakuwa ameugusa.

"Zamani mafundi waliamrishana kwa mluzi," alisema, sasa kwa upole kidogo. "Ukipiga mluzi ovyo, mtu wa juu anakuangushia ukuta wa mapambo. Naona leo mmekuja na pingu."

"Leo nimekuja na maswali," alisema Ghizzoni. "Sehemu ya tatu ilipokuwa ikiimbwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Juu kwenye daraja la waya, tunakoinulia mapazia. Peke yangu. Nimeshasema."

"Na mlango wa kuingilia huku chini?"

"Wazi. Mazoezi yakianza ninaufungua, yakiisha ninaufunga. Bi Delfina anapita huku kwenda kwenye kishimo chake, sasa nimfungie yule mama?"

Delfina Cattabiani alikuwa mnong'onezaji wa ukumbi ule: mtu anayekaa katika kishimo mbele ya jukwaa, kichwa kikiwa usawa wa viatu vya waimbaji, akiwarushia neno la kwanza la kila mstari kabla hawajalihitaji. Ghizzoni alitazama. Ngazi fupi ya kwenda kishimoni ilikuwa upande mmoja; komeo la mlango wa sakafuni lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, chini ya balbu nyeupe.

"Mtu angepita hapa kuja kwenye komeo, Bi Delfina angemsikia?"

"Akiwa kazini? Hata tetemeko asingelisikia. Ana okestra nzima nyuma ya kisogo."

"Mligombana nini, wewe na mwongozaji?"

"Sakafu. Alitaka niipake rangi ya lami, iwe kama uwanja wa ghala. Sakafu ya mwaloni, ya babu wa babu zetu! Nikamwambia maneno. Kila mtu alisikia, sikunong'ona." Alisukuma mkate kando. "Lakini Inspekta, mimi nikimchukia mtu simtegei shimo. Hasa shimo langu. Miaka yote hii hajaanguka mtu hata paka."

"Atasaini jioni," Ghizzoni alimwambia. "Mwendesha mashtaka. Ukikumbuka kitu, kikumbuke mchana."

Egidio aliketi kwenye sanduku. "Mke wangu amenipangia nguo kwenye begi," alisema. "Soksi za sufu. Anasema mahabusu kuna baridi."

*

Bi Delfina alikuwa katika chumba cha wasanii na chupa ya chai iliyojaa mchuzi wa kuku. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, mwembamba, koti limefungwa hadi shingoni. Tangu ajali alikuwa akienda hospitali asubuhi na jioni. Amedeo alikuwa amejifunzia kwake maneno ya opera zake zote.

"Amesikia miguu?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado."

Alimimina mchuzi, akampa Ghizzoni kifuniko kilichojaa. "Kunywa, mwanangu. Kifua hicho kinalia kama kinanda kibovu."

Ghizzoni alikunywa. Pasini alifungua kompyuta na kusoma maelezo ambayo Bi Delfina aliyatoa jana yake, wakati alipoambiwa kuwa Egidio anashukiwa.

"Umesema hapa," alianza Ghizzoni, "kwamba kabla ya Amedeo kuanguka ulimwona mtu akipanda kutoka—"

"—chini ya jukwaa, ndiyo." Midomo ya Bi Delfina ilikuwa imekwisha kuumba maneno kabla Ghizzoni hajayafikia. "Ngazi za pembeni, upande wa barabarani. Alikuwa Rovere, mwongozaji wetu."

"Ulimwona uso?"

"Aligeuka haraka. Niliona skafu. Ile zambarau yake."

"Una hakika na rangi?"

Bi Delfina alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ana hakika na jina la mama yake. "Katika ukumbi wa opera, Inspekta? Kuna mtu mmoja tu Italia nzima anayevaa zambarau jukwaani. Hata watalii tunawavua mlangoni. Zamani, wakati wa Kwaresima, makanisa yalipovaa rangi hiyo, kumbi zilifungwa na watu wetu walilala njaa. Hiyo si rangi, ni tangazo la njaa. Niliiona kama ninavyoona nyekundu ya shingo ya huyu kijana wako."

"Kulikuwa na mwanga wa kutosha?"

"Wa kutosha kabisa. Ule ule mweupe wa mazoezi ya kila siku."

"Na wewe ulikuwa kishimoni."

"Ningekuwa wapi?"

Ghizzoni alikohoa, akasubiri kifua kitulie. "Kwa nini mwongozaji atake kumwangusha mwimbaji wake mwenyewe, siku chache kabla ya onyesho la kwanza?"

"Hilo ni kazi yako kulijua. Mimi ninajua kuwa yule anaharibu." Aliweka chupa chini. "Mjane anakufa mwishoni kwa sababu muziki unamwambia afe. Tangu opera hii itungwe, mji huu unajua anakufa kwenye kaburi la mumewe, na watu wa roshani ya juu wanalia kabla hajafika hapo. Rovere hakubadilisha noti hata moja. Amebadilisha mjane. Sasa mjane anavua kizibao cha kazi, anatoka mlangoni, anakwenda zake, huku nyuma okestra inamzika! Wanamzika nani?"

"Na kishimo chako? Nimesikia kitafungwa."

"Kwa mbao, usiku wa kwanza. Waimbaji watasoma maneno kwenye vioo vidogo vya kompyuta." Alisema bila kupandisha sauti. "Eti sakafu iwe safi."

Pasini alichapa maelezo upya, akayachapisha katika mashine ya ofisini, na Bi Delfina akatia saini. Walipotoka, Pasini alinong'ona, "Afande, tumemaliza, si ndiyo? Tumkamate mwenye skafu, twende tukale anolini za mchuzi."

"Kwanza tumsikilize mwenye skafu."

*

Lamberto Rovere alikuwa ameketi katikati ya ukumbi mtupu, miguu juu ya kiti cha mbele, macho mekundu. Alikuwa Mmilano wa miaka arobaini hivi. Shingo yake ilikuwa wazi. Skafu ilikuwa imechukuliwa na polisi asubuhi ile, imo mfukoni mwa Pasini ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nilivaa siku ya kwanza bila kufikiri," alisema. "Nilikuwa na mafua. Mwanakwaya mmoja alipiga ishara ya msalaba, mwingine akashika korodani zake kufukuza mkosi, mbele ya wanawake. Nikajiambia, haya, ugonjwa wa nyumba hii ndio huu. Nikaivaa kila siku."

"Kuwaudhi."

"Kuwaponya."

"Wamepona?"

Rovere alicheka kidogo, cheko la mtu asiyelala. "Inspekta, umepita barabara kuu ukaona yale maghala? Mji huu unaishi kwa vifurushi. Wasichana wanabeba maboksi usiku kucha chini ya zile taa za njano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga humu. Nataka waje. Nataka wamwone mjane amevaa kizibao chao. Na nikishawaleta, niwaambie nini? Kwamba mwanamke akichoka anakufa vizuri kwa sauti ya juu?"

"Niambie ulikuwa wapi Jumanne, sehemu ya tatu."

"Hapa hapa nilipokaa."

"Nani alikuona?"

"Nani atakuona ukumbini gizani? Hakuna."

"Yupo aliyekuona ukipanda ngazi kutoka chini ya jukwaa."

Rovere alishusha miguu. "Mimi? Waulize wote: sehemu ile huwa nipo jukwaani. Kila siku ninamsogeza Amedeo pembeni, ninasimama mwenyewe pale katikati, ninamwonyesha jinsi ya kusikiliza mlango ukifungwa. Kila siku! Amedeo ana sauti ya dhahabu na miguu ya ng'ombe, lazima aone kwa macho. Jumanne ndiyo mara ya kwanza nilimwacha asimame mwenyewe."

"Kwa nini Jumanne?"

"Kwa sababu ya taa. Taa zangu zilikuwa zije Jumatano, zikaja siku moja mapema. Mafundi walizitundika mchana, tukaziwasha kwaya ilipotoka. Nilitaka kuziona nikiwa mbali. Nikashuka kuja huku." Aliuma midomo. "Nilishuka, naye akasimama mahali pangu."

Ghizzoni hakuandika. Alikuwa akitazama jukwaa, likiwa limemulikwa na balbu mbili nyeupe za kazi, na utepe wa polisi ukilizunguka shimo.

"Sasa hivi hazijawashwa, hizo taa."

"Hazijawashwa tena. Amedeo alipoanguka mtu alikimbilia swichi akawasha zile nyeupe. Halafu nyinyi mkafunga kila kitu."

*

Nives Corradi, aliyeimba sehemu ya mjane, alipatikana kwenye foya. Kwa kuwa jukwaa lilikuwa limefungwa na polisi, mazoezi yalihamishiwa huko, kwa piano. Mwimbaji wa kuziba pengo la Amedeo alikuwa amewasili kwa treni kutoka Novara na alikuwa akipitia noti kwa kidole.

"Jumanne ilikuwa balaa tangu kwaya ilipotoka," alisema Nives, akijifunga shali. "Zile taa! Nilimtazama Amedeo nikaona maiti. Midomo myeusi, uso wa majivu. Gauni langu ni jekundu, dada, jekundu la kupiga kelele, likawa gunia. Nilimshika mkono mtu nikidhani Amedeo, kumbe ni mtu wa mavazi anakimbia kutoka jukwaani. Na juu ya hayo nikapotea."

"Ukapotea vipi?"

"Maneno. Baada ya kwaya kutoka, mstari wangu wa pili. Nilifungua mdomo, hakuna kitu. Nikatazama kishimoni, nasubiri neno. Haikuja hata herufi."

"Ulimwona Bi Delfina?"

"Hizo taa zinakupiga machoni, kishimo ni giza tupu. Nilidhani amekasirika. Anatuadhibu wote kwa sababu ya Rovere." Alikaza shali. "Lakini haijawahi kutokea. Mwaka ule mumewe alipofariki alikuja kazini siku ya pili yake. Hakuwahi kuniacha mdomo wazi."

"Hilo hukulisema juzi."

"Juzi mtu alikuwa amevunjika mgongo, Inspekta. Nani angeongelea mstari wa pili?"

Ghizzoni aliondoka bila kuaga na kushuka ngazi za chini ya jukwaa, Pasini nyuma yake. Alipita komeo, akapanda ile ngazi fupi, akajibana ndani ya kishimo. Kilikuwa na kiti, taa ndogo ya kusomea na mto uliochakaa. Kutoka pale jukwaa lilionekana kama uwanja mkubwa unaoishia miguuni pa watu.

"Mwambie fundi wa taa awashe zile za Jumanne," alisema. "Azime nyeupe. Kisha uende ukasimame kwenye zile ngazi za pembeni, upande wa barabarani."

Taa ziliguna, zikachelewa, zikapanda polepole. Zilikuwa za sodiamu, kama zile kuukuu za viwanja vya maghala. Njano ile ilijaa jukwaa zima na kufukuza kila rangi nyingine. Pasini alijitokeza juu ya ngazi. Uso wake ulikuwa wa majivu. Skafu ya timu ilikuwa na mistari ya kijivu na mistari ya weusi hafifu.

Alijitazama. "Afande! Wameniharibia timu."

"Toa ile ya mwongozaji. Izungushe shingoni, usiitoe kwenye plastiki."

Pasini alifanya hivyo. Ghizzoni alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha alitoa mkono wake mwenyewe nje ya kishimo, akautazama huo pia.

"Kaniitie Bi Delfina," alisema. "Apite chini, kama anavyopita siku zote. Na zile taa zizimwe mpaka nitakaposema."

*

Walibanana wawili kishimoni, Bi Delfina kwenye kiti, Ghizzoni amesimama kwenye ngazi nyuma yake. Jukwaani, chini ya balbu nyeupe, Pasini alikuwa juu ya zile ngazi za pembeni na skafu ya zambarau shingoni.

"Ulimwona pale?"

"Pale pale."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Mwambie aivue, Inspekta. Hajui anachofanya."

"Sasa hivi ataivua." Ghizzoni aliinua mkono kuelekea chumba cha taa.

Balbu nyeupe zilizimika. Taa za sodiamu ziliguna na kuanza kupanda. Bi Delfina alishtuka, akageuza kichwa juu zinakotoka, kama mtu anayesikia sauti asiyoifahamu ndani ya nyumba yake.

"Ni nini hii?"

"Mwanga wa Jumanne. Ziliwashwa kwaya ilipotoka, zikawaka mpaka Amedeo alipoanguka. Wote waliokuwa jukwaani wanazikumbuka. Skafu ina rangi gani, Bi Delfina?"

Njano ilikuwa imefika kimo chake. Mama yule alitazama ngazi, akatazama mikono yake mwenyewe juu ya ukingo wa kishimo, akairudisha mapajani.

"Kijivu," alisema.

"Umetia saini kwamba mwanga ulikuwa mweupe. Nives alipotea kwenye mstari wa pili na hukumpa neno. Hukuwa humu. Ulikuwa huko chini, chini ya balbu, ambako hakuna kilichobadilika."

Midomo ya Bi Delfina ilicheza mara moja, bila sauti, kisha ikatulia.

"Nilifuata muziki," alisema hatimaye. "Kwaya inatoka, mjane anaimba mistari yake, halafu Rovere anamwondoa Amedeo pale na kusimama mwenyewe. Kila siku. Kila siku bila kukosa, Inspekta. Ungeweza kutegea saa."

"Ulitaka afe?"

"Afe? Nilitaka avunjike mguu. Alale, wiki chache. Msaidizi wake ni mtoto wa hapa hapa, angerudisha mambo yalivyokuwa. Mjane angekufa. Mimi ningebaki." Alivuta pumzi. "Nilisikia hatua juu yangu. Viatu vya mpira, kama vya Rovere. Nikasema huyo, amefika."

"Amedeo alikuwa amevaa viatu vya mavazi mapya. Viatu vya wachukuzi wa ghala, vya mpira."

"Nimeviona. Vilikuwa karibu na uso wangu." Alitazama kiganja chake. "Lilikuwa mkononi bado, lile komeo. Kama angenena, kama angekohoa tu, ningelirudisha. Lakini pale hana neno la kuimba. Anasikiliza. Nilimfundisha mwenyewe: hapa huna neno, Amedeo, kaa kimya."

Pasini alikuwa bado amesimama juu ya ngazi, wa kijivu, akingoja amri.

"Kwa nini ukamtaja Rovere?" aliuliza Ghizzoni.

"Mlisema mtamfunga Egidio. Ilibidi awepo mtu. Nikawatafutia yule anayeonekana na kila mmoja." Alitikisa kichwa. "Wiki sita yuko humu, na kusema kweli sijui hata pua yake ikoje. Tulikuwa tunatazama skafu."

Ghizzoni aliashiria. Taa nyeupe zilirudi, na zambarau ikarudi nazo shingoni mwa Pasini. Bi Delfina alifumba macho.

*

Mheshimiwa Viscardi alipokea simu kwa mlio wa kwanza.

"Jina?"

Ghizzoni alimpa.

"Yule bibi wa kishimoni? Una uhakika? Magazeti yatanicheka."

"Ana maelezo mawili. Ya kwanza ni ya uongo na ameyatia saini. Ya pili yanachapwa sasa."

"Na Tansini?"

"Tansini anakwenda nyumbani."

Egidio alikuwa amesimama mlangoni mwa ngazi za chini alipowaona wakipanda. Alitazama mkono wa Pasini uliomshika Bi Delfina kiwiko, na hakuhitaji kuelezwa.

"Wewe mama," alisema. "Wewe mama jamani. Ungeniacha mimi. Mimi nimeshafungiwa begi."

"Begi lako lina soksi zako," alijibu Bi Delfina. "Zitanipwaya."

Egidio aliichukua ile chupa ya mchuzi mikononi mwa Bi Delfina, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Njia ya kutokea barabarani ilipita nyuma ya foya. Pazia zito lilitenganisha ushoroba na piano. Ndani, Rovere alikuwa akipiga makofi kuhesabu mapigo, na mwimbaji kutoka Novara alikuwa akiipitia sehemu ya tatu na Nives kwa sauti nusu. Ghizzoni alikohoa. Kifua kilimshika, akasimama, akaegemea ukuta.

Nyuma ya pazia piano ilifika mahali pa mwimbaji kuingia. Ikapita. Mwimbaji hakuingia. Mpiga piano alirudia ule mstari, akaupunguza mwendo, na ule mdomo mgeni ukabaki wazi.

Bi Delfina alirusha neno. Lilikuwa moja tu, fupi, kavu, lililotoka mbele ya meno na kupenya pazia, kabla tu ya pigo lake.

Mwimbaji alilidaka, akaimba. Mstari ulikwenda juu, ukakaa, ukashuka vizuri. Pasini alitaka kutembea. Ghizzoni alimzuia kwa kiganja mpaka ulipokwisha.

"Safi!" Rovere alisema ndani. "Nani ametoa hilo neno?"

Ghizzoni alifungua mlango wa barabarani, na ukungu ukaingia.